Kura Moja, Uzito Mmoja

Hotuba ya wakili mmoja mbele ya waumini na watetezi wa mageuzi, Tassia, Nairobi



Mmeniomba nieleze haki ya kupiga kura. Nitaanzia Unguja na Pemba, visiwa vilivyokuwa chini ya himaya ya Mwingereza hadi Desemba 1963.

Januari 1961, mgombea wa chama cha Afro-Shirazi alishinda jimbo la Chake Chake kwa kura moja tu. Baada ya hayo, nani atasema kura yake ni bure?

Lakini visiwa hivyo vina funzo la pili, lililo zito zaidi. Julai 1963 chama hicho kilipata asilimia 54 hivi ya kura zote, kikaambulia viti 13 kati ya 31. Kilishinda majimbo yake kwa kura tele. Wapinzani wake walishinda mengi ya kwao kwa tofauti ndogo. Wenye kura chache wakaunda serikali. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba. Mapinduzi yakafuata tarehe 12 Januari 1964. Yalikuwa na sababu nyingi, na manung'uniko juu ya hesabu hiyo yalikuwa miongoni mwazo.

Msidhani hayo ni mambo ya ng'ambo. Katika sensa ya 2009, Embakasi, ambamo mna Tassia hii, lilikuwa jimbo moja lenye watu zaidi ya 900,000. Lamu Mashariki haikufikia 20,000. Kila jimbo lilikuwa na Mbunge mmoja! Ndipo Embakasi ikagawanywa majimbo matano, yaliyopiga kura mara ya kwanza 2013.

Katiba ya 2010, Ibara ya 89, yataka idadi ya watu wa majimbo ikaribiane. Mijini na penye watu wachache tofauti na wastani isizidi asilimia 40, kwingineko 30. Mipaka ipitiwe kila baada ya miaka minane hadi kumi na miwili. Ile ya 2012 ilitimiza kumi na miwili Machi 2024 bila mapitio kukamilika.

Ndugu zangu, sanduku safi halitoshi ikiwa mizani imepinda. Jiandikisheni hapa mnapoishi, ijapokuwa nyumba ni ya kupanga. Na Tume ikiitisha vikao vya mipaka, nendeni na maoni yenu kwa maandishi. Wasioonekana siku ya kupima hupunjwa siku ya kugawa.