Shaka na Uzito Wake: Neno "Doubt" la Kiingereza na Tafsiri Yake

Mhadhara huu unalichunguza neno moja la Kiingereza, "doubt", ambalo kamusi hulifasili kwa Kiswahili kuwa "shaka". Fasili hiyo ni sahihi lakini haitoshi, na upungufu wake hudhihirika zaidi mahakamani, ambako tafsiri ya neno moja yaweza kuathiri uhuru wa mtu.

Asili ya neno hilo ni kitenzi cha Kilatini "dubitare", chenye nasaba moja na "duo", yaani mbili. Mwenye shaka, basi, ni mtu aliyesimama njia panda. Neno lilipitia Kifaransa cha Kale, ambako "douter" lilibeba pia maana ya kuogopa, ndipo likaingia katika Kiingereza bila herufi b. Herufi hiyo ilirejeshwa baadaye na wasomi waliotaka asili ya Kilatini ionekane. Haikupata kukubalika katika matamshi. Na Shakespeare, katika tamthilia ya Love's Labour's Lost, amemkejeli mwalimu anayeshikilia kwamba itamkwe.

Maana ya hofu haikutoweka. Katika Kiingereza cha Uskoti, asemaye "I doubt he is dead" huchelea kwamba mtu huyo amekufa. Katika Kiingereza sanifu cha leo, kauli hiyo hiyo humaanisha kwamba msemaji hasadiki kifo hicho. Mzungumzaji wa Kiswahili hana sababu ya kushangaa. "Shaka", neno lenye asili ya Kiarabu, nalo lina pande mbili: kumshuku mtu ni kumdhania ubaya, ilhali kulitilia jambo shaka ni kutolisadiki. Nayo "mashaka" ni taabu na dhiki.

Jambo la pili ni ukanushi. "No doubt" la Kiingereza limepungua nguvu, na mara nyingi hudokeza dhana tu. Atakaye kusisitiza uhakika husema "without doubt". "Bila shaka" ya Kiswahili imepita njia iyo hiyo. Mwalikwa anayejibu "bila shaka nitakuja" huenda ametimiza adabu tu, wala mwenyeji hatamshtaki asipofika.

Hapo ndipo penye hatari. Sheria ya jinai iliyorithiwa kutoka Uingereza humtaka mwendesha mashtaka athibitishe kosa "beyond reasonable doubt", kanuni iliyosisitizwa na Baraza la Malodi mwaka 1935 katika shauri la Woolmington. Nchini Tanzania, marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Kwa hiyo suala hili si la darasani pekee. Mfasiri akiandika "bila shaka" tu, msikilizaji aweza kuelewa "ni dhahiri", na kiwango cha uthibitisho kikashuka. Akiandika "bila shaka lolote", kiwango hupanda kupita kile sheria inachotaka, kwani hakuna ushahidi usioweza kutiliwa shaka la kubuni.

Neno lenye mzigo, basi, ni "reasonable". Shaka linalokusudiwa ni lile lenye msingi, litokanalo na ushahidi au na upungufu wake. "Pasipo kuacha shaka lenye msingi" ni kauli ndefu kuliko "bila shaka", lakini urefu huo ndio kinga ya mshtakiwa. Kamusi inayoishia kwenye "shaka" imemwachia mfasiri sehemu ngumu ya kazi.