Kura 248 na Mlango wa Ubalozi: Bunge Lina Neno Gani katika Siasa za Nje?



Jumanne ya tarehe 21 Novemba 2023, Bunge la Taifa la Afrika Kusini lilipiga kura kuhusu uhusiano wa nchi hiyo na Israel. Hoja ililetwa na chama cha EFF cha Julius Malema. Ilitaka ubalozi wa Israel ufungwe na uhusiano wote wa kidiplomasia usimamishwe. Waliounga mkono walikuwa 248, waliopinga 91. Gaza siku hiyo, kwa hesabu ya mamlaka za huko, waliouawa walikuwa wamepita 13,000. Israel nayo ilikuwa bado inazika watu wa shambulio la Hamas la tarehe 7 Oktoba, ambalo liliua takriban watu 1,200, na mateka zaidi ya 200 walikuwa wangali mikononi mwa waliowateka. Miongoni mwa waliouawa katika shambulio lile walikuwamo vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo. Nawataja ili mtu asiseme jambo hili liko mbali nasi.

Habari za kura ile zilienea duniani kote. Mitaani Cape Town watu walishangilia, na wengi wakaamini kwamba ubalozi umefungwa. Haukufungwa. Siku ile ile Rais Cyril Ramaphosa alikuwa akiongoza kikao cha dharura cha BRICS kuhusu Gaza kwa njia ya video, na balozi wa Israel, Eliav Belotserkovsky, alikuwa tayari ameitwa nyumbani na serikali yake kwa mashauriano. Wiki mbili kabla, Afrika Kusini ilikuwa imewaita wanadiplomasia wake kutoka Tel Aviv. Baraza la Mawaziri liliposikia matokeo ya kura lilijibu kwa adabu: tumelisikia Bunge, uamuzi ni wetu.

Na kisheria lilikuwa sahihi. Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 inampa Rais mamlaka ya kuteua mabalozi na kupokea wa nchi nyingine. Bunge limepewa kutunga sheria, kuisimamia Serikali, na kuwa ukumbi wa taifa wa kujadili mambo ya umma. Azimio la Bunge si sheria. Ni maoni yaliyopigiwa kura, na Serikali inaweza kuyaweka mezani na kuendelea na kazi. Waswahili husema kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi, na Serikali nyingi, ikiwamo yetu, huyapokea maazimio ya wabunge kwa usingizi wa namna hiyo.

Lakini si kila jambo la nje liko mikononi mwa Rais peke yake. Mwaka 2016 Serikali ya Jacob Zuma ilipeleka Umoja wa Mataifa barua ya kujitoa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai bila kupita bungeni. Februari 2017 Mahakama Kuu mjini Pretoria, katika kesi iliyofunguliwa na chama cha DA, iliamua kwamba barua ile ilikiuka Katiba, kwa sababu mkataba ulioridhiwa na Bunge hauvunjwi na Waziri kwa saini yake mwenyewe. Serikali ikaiondoa barua. Tofauti kati ya matukio haya mawili ndiyo mada yangu usiku huu. Penye mkataba, sheria au fedha, Bunge lina meno. Pasipo na hayo lina sauti tu. Na wabunge, kwa jinsi nilivyowasoma kwa miaka mingi, huvutiwa zaidi na mahali penye sauti.

Kwa nini basi mjadala ule uliwagusa Waafrika Kusini kwa kiasi kile? Wabunge walikuwa wanazungumza kuhusu Gaza na kuhusu nchi yao wenyewe kwa wakati mmoja, na historia yao imefungamana na Israel kwa njia zenye kuchanganya. Mwaka 1947 Afrika Kusini ilikuwa kati ya nchi 33 zilizounga mkono Umoja wa Mataifa kuigawa Palestina. Serikali ya Jan Smuts iliitambua Israel tarehe 24 Mei 1948, siku mbili kabla ya uchaguzi uliomwangusha Smuts na kuleta serikali ya ubaguzi wa rangi. Mrithi wake, D. F. Malan, aliitembelea Israel mwaka 1953. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Israel iliilaani sera ya ubaguzi katika Umoja wa Mataifa na kuiudhi Pretoria, lakini Aprili 1976 Waziri Mkuu John Vorster, mtu aliyewekwa kizuizini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwa kuunga mkono kundi lililoipendelea Ujerumani, alipokewa Jerusalem kwa heshima zote. Ushirikiano wa kijeshi uliofuata haujasahaulika.

Upande wa pili walikuwapo wapigania uhuru waliokaa uhamishoni. Wengi wao tuliishi nao hapa: Dar es Salaam palikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), Morogoro ndipo chama cha ANC kilipofanya mkutano wake mkuu wa 1969, na Mazimbu palikuwa na shule yao. Huko uhamishoni ANC na PLO, chama cha ukombozi cha Wapalestina, walikutana kama majirani wa kambi moja. Mandela alipotoka gerezani Februari 1990, hazikupita wiki tatu kabla hajakumbatiana na Yasser Arafat mjini Lusaka, na picha ile iliwakera watu wengi waliokuwa wameanza kumshangilia. Alipoulizwa alijibu, kwa ufupi, kwamba hatachaguliwa marafiki na watu ambao hawakuwapo alipowahitaji. Afrika Kusini iliitambua Palestina mwaka 1995.

Historia hii haikuwapa wote msimamo mmoja, hata ndani ya jamii moja. Mwaka 2001 Ronnie Kasrils, Waziri wa Maji na Misitu, Myahudi na mpiganaji wa zamani wa Umkhonto we Sizwe, jeshi la ANC, alisimama bungeni na kutangaza kwamba ukaliaji wa ardhi ya Wapalestina haufanywi kwa jina lake. Viongozi wa jumuiya ya Kiyahudi nchini mwake, akiwamo Rabi Mkuu Cyril Harris, walimpinga hadharani. Yeyote anayedhani mjadala wa Palestina bungeni ni wa dini dhidi ya dini asome mabishano yale.

Ndani ya DA nako, Novemba 2023, mbunge Ghaleb Cachalia aliondolewa katika nafasi ya waziri kivuli wa chama kwa sababu ya andiko lake kuhusu Gaza, kisha akakihama chama. DA ilisema inataka mataifa mawili yenye amani, na kwamba nchi inayovunja uhusiano hujinyima nafasi ya kupatanisha. Freedom Front Plus na chama cha Kikristo cha ACDP walipinga kwa sababu zao. Hoja ya DA haikuwa ya kubezwa. Afrika Kusini ina ofisi ya uwakilishi Ramallah, na njia ya kwenda Ramallah inapita mikononi mwa Israel. Kufunga ubalozi Pretoria kungeweza kumaanisha kufungiwa njia ya kuwafikia Wapalestina wenyewe, na ANC, chama tawala wakati huo, ililijua hilo vizuri kuliko ilivyokuwa tayari kulisema jukwaani.

Ndiyo maana tuyatazame marekebisho ya hoja. EFF ilileta hoja isiyo na masharti. ANC ikaongeza sharti: uhusiano usimamishwe mpaka Israel ikubali kusitisha mapigano na kujifunga kwa mazungumzo yanayosimamiwa na Umoja wa Mataifa. Kwa sharti hilo ANC ilipata vitu viwili kwa kura moja. Ilisimama pamoja na waandamanaji, na ikamwachia Rais mahali pa kutokea. Siku tatu baada ya kura, tarehe 24 Novemba, mapigano yalisitishwa kwa muda kwa usuluhishi wa Qatar, mateka kadhaa wakaachiwa, na tarehe 1 Desemba vita vikaanza tena. Nani alikuwa na mamlaka ya kusema kama sharti limetimia au la? Azimio halikusema. Halikuweka tarehe, halikumtaja Waziri wa kurudi bungeni kutoa taarifa, halikuunda kamati ya kufuatilia. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili akiniletea rasimu ya mkataba yenye sharti lisilo na mwamuzi, namrudishia.

Sasa tazameni yale ambayo wabunge 248 wangeweza kuyafanya kwa mamlaka yao wenyewe. Makaa ya mawe ya Afrika Kusini yaliendelea kupelekwa Israel. Azimio halikugusa biashara. Colombia, muuzaji mwingine mkubwa, ilizuia mauzo ya makaa yake kwa amri ya Rais Gustavo Petro Agosti 2024. Bunge la Cape Town lingeweza kuanza na muswada, likashindwa, lakini likashindwa likiwa kazini. Pia ipo sheria ya 1998 inayokataza raia kutoa msaada wa kijeshi nje ya nchi bila kibali, na baadhi ya Waafrika Kusini walikuwa wanalitumikia jeshi la Israel. Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati huo, Naledi Pandor, aliwaonya kwamba watashtakiwa. Kamati ya Bunge ingeweza kumwita Waziri wa Polisi kila baada ya miezi mitatu aeleze majalada yamefikia wapi. Hayo hayapigiwi makofi mitaani, nakubali.

Msidhani ni udhaifu wa Kiafrika. Ireland, nchi inayoongoza Ulaya kwa kuwatetea Wapalestina, ina mfano unaofanana sana. Mei 2021 Baraza lake la chini, Dáil, lilitangaza bila kura hata moja ya kupinga kwamba kinachofanywa na Israel katika ardhi inayoikalia ni unyakuzi. Dunia ikaandika. Lakini muswada wa Seneta Frances Black wa mwaka 2018, wa kukataza biashara ya bidhaa kutoka makazi ya walowezi, uliopitishwa na Seneti, ulikwama miaka mingi. Serikali ilitaja sheria za biashara za Umoja wa Ulaya, na muswada haukupata kibali cha fedha ambacho Serikali pekee inaweza kukitoa. Azimio lilipita bila jasho kwa kuwa halikumgharimu mtu. Muswada ulikwama kwa kuwa ungegharimu. Mimi napima uzito wa jambo bungeni kwa namna Serikali inavyolipinga.

Uingereza, Oktoba 2014, wabunge 274 dhidi ya 12 waliitaka Serikali iitambue Palestina, kwa hoja ya Grahame Morris wa Labour. Mawaziri hawakupiga kura. Utambuzi wenyewe ulikuja Septemba 2025, karibu miaka 11 baadaye, chini ya Waziri Mkuu mwingine na kwa sababu za wakati mwingine. Kinyume chake, Slovenia mwaka 2024 Serikali ilipeleka uamuzi wa utambuzi bungeni kwa kuwa utaratibu wao unadai hivyo; chama cha Janez Janša kikajaribu kuuchelewesha kwa ombi la kura ya maoni, na tarehe 4 Juni wabunge 52 wakapitisha, wapinzani wengi wakiwa wametoka nje. Pale kura ilikuwa uamuzi, na ndiyo maana walipigania hata kanuni.

Nyumbani kwetu je? Tanzania ilivunja uhusiano na Israel mwaka 1973 na kuurejesha miaka ya 1990. Mei 2018 tulifungua ubalozi Tel Aviv, akiwapo Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati huo, Augustine Mahiga. Mwezi huo huo Afrika Kusini ilimwita nyumbani balozi wake Sisa Ngombane, baada ya Wapalestina wengi kuuawa kwenye uzio wa Gaza. Nchi mbili zilizolelewa na mapambano yale yale ya ukombozi zilipishana njiani ndani ya siku chache, kila moja kwa uamuzi wa Serikali yake. Katiba yetu, ibara ya 63, inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa. Kufungua ubalozi si mkataba. Mbunge wa Dodoma anayetaka neno katika jambo hili ana bajeti ya Wizara ya Mambo ya Nje, ana maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, ana kamati. Akiyatumia hayo atakuwa na nguvu kuliko wabunge 248 waliopiga kura mara moja na kwenda zao.

Nimewatupia wabunge wale maneno makali, na haki inanidai niseme pia lililofuata. Tarehe 29 Desemba 2023, wiki tano baada ya kura, Afrika Kusini ilifungua kesi dhidi ya Israel katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague, kwa kurasa 84, ikidai kuvunjwa kwa Mkataba wa Kuzuia Mauaji ya Kimbari wa 1948. Januari 2024 mahakama ilitoa amri za awali. Jaji Julia Sebutinde wa Uganda alipinga amri zote, na Kampala ikaharakisha kutangaza kwamba jaji hasemi kwa niaba ya Serikali. Sidai kwamba kura ya Novemba ndiyo iliyozaa kesi. Wanasheria walikuwa wameshaanza kazi. Lakini Rais alipeleka kesi The Hague akijua zaidi ya theluthi mbili ya waliopiga kura bungeni wako nyuma yake, na alipobanwa na washirika wa Magharibi alikuwa na la kuwaonyesha.

Kisha ukaja uchaguzi wa 29 Mei 2024. ANC ikapoteza wingi wake bungeni kwa mara ya kwanza tangu 1994 na kuunda serikali pamoja na DA. Waliopiga kura katika kundi la 248 na waliopiga katika kundi la 91 wakaketi katika Baraza moja la Mawaziri. Oktoba 2024 Afrika Kusini iliwasilisha The Hague maelezo kamili ya madai yake, zaidi ya kurasa 750 bila viambatisho. Februari 2025 Rais Donald Trump alisimamisha misaada ya Marekani kwa nchi hiyo, akitaja sheria ya ardhi ya Afrika Kusini na kesi hiyo. Kesi haikuondolewa. Imeshikiliwa na mkataba ambao nchi iliridhia, na hapo chama kimoja cha muungano hakiwezi kuiua kwa kukasirika tu. Lile azimio la ubalozi, ambalo halikushikiliwa na chochote, hakuna aliyehitaji hata kulifuta.