Kutoka Ndoo ya Sabuni Hadi Maabara ya Kiwanda

Uani Mbagala, jijini Dar es Salaam, sabuni ya mche huanzia kwenye ndoo ya plastiki. Fundi anayeijua kazi humimina kostiki soda ndani ya maji, kidogokidogo. Akigeuza, akamwaga maji juu ya kostiki, mchanganyiko huchemka ghafla na kumrukia usoni.

Elimu hiyo ndogo ni mwanzo wa ajira. Viwanda vya Chang'ombe, jijini humo, huhitaji wapima ubora na waendesha mitambo, si wabeba magunia tu. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) hufundisha teknolojia ya maabara. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoanzishwa 1973, hunoa wajasiriamali.

Sheria ya kemikali ya Tanzania ya 2003 nayo humtaka mfanyabiashara wa kemikali ajisajili kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Wengi hujifanya hawajasikia!

Msikilizaji mwenye ndoo uani, nunua kwanza glavu na miwani.