Bomba la majitaka litangulie, mto ufuate

(Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa serikali, Kariakoo, Dar es Salaam)



Nimeombwa niseme machache juu ya mradi wa Bonde la Msimbazi. Habari za daraja jipya la Jangwani, lililopangwa kuwa na urefu wa mita 390, mmekwisha kuzisikia, nami sina la kuongeza. Nitazungumza juu ya kitu ambacho hakipigwi picha wala hakikatiwi utepe, nacho ni bomba la majitaka. Hoja yangu ni moja. Mto unapopanuliwa na ardhi ya kando yake inapoinuliwa, kila bomba la majitaka linalopita ukingoni au kuvuka bonde halina budi lihamishwe kwanza, kabla ya tingatinga kuingia, na gharama ya kulihamisha iwemo katika hesabu ya mradi tangu siku ya kwanza.

Tuitazame ardhi yenyewe. Kariakoo imekaa juu ya uwanda ulio baina ya bonde la Msimbazi upande wa Jangwani, na mkono wa bahari wa Gerezani upande wa pili. Mto Msimbazi hutoka katika vilima vya Pugu, ukapita Vingunguti na Kigogo hadi Jangwani, kisha ukazunguka nyuma ya Muhimbili na Upanga na kuingia baharini penye Daraja la Salenda. Kila kinachomwagwa njiani hufika Jangwani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 katika jiji hili, na yale ya 2018 yaliyakuta mabasi ya mwendokasi yakiwa yameegeshwa bondeni. Hakuna mwenye akili atakayeupinga mradi huu, ambao Benki ya Dunia iliukubalia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022.

Sasa tutazame kilicho chini ya ardhi. Wakoloni waliugawa mji huu sehemu tatu: Uzunguni, Uhindini na mitaa ya Waafrika; na Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati, eti kuzuia maradhi. Mtandao wa mabomba ya majitaka, ambao sehemu yake kubwa ya mwanzo ilijengwa katika miaka ya 1950, ulihudumia kwanza katikati ya mji na kumwaga baharini. Uswahilini watu waliendelea na choo cha shimo uani. Kwa miongo mingi baada ya Uhuru, waliounganishwa na mabomba hayo hawakufikia mmoja katika kila wakazi kumi wa jiji.

Nyumba ya Kariakoo ya zamani ilikuwa na vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma. Kiwanja kilekile leo kinabeba ghorofa kumi, maduka chini, stoo juu ya maduka, na watu mamia wanaopanda na kushuka tangu alfajiri. Kiwanja hakikuongezeka, wala mtaa haukupanuka. Matokeo yake mnayaona mvua inaponyesha: chemba zinafurika barabarani, na wapo wasiokuwa na haya wanaongoja mvua hiyohiyo ili watapishe vyoo vyao mtaroni. Mtaro huteremka bondeni. Kipindupindu kilichoanza jijini Agosti 2015 kilitukumbusha mwisho wa safari hiyo.

Wengi hudhani kuhamisha bomba ni kama kuhamisha waya wa simu, kwamba ukiwa na njia nyingine umemaliza. Sivyo. Maji safi husukumwa, yaweza kupanda mlima. Majitaka huteremka kwa uzito wake. Bomba la kawaida la mtaani, lenye upana wa milimita 225, huhitaji mteremko wa takriban mita 1 kwa kila mita 200, la sivyo uchafu hutuama na kuziba. Basi ukilizungusha bomba kwa kilomita 1 zaidi ili kuukwepa mto uliopanuliwa, mwisho wake utakuwa umezama mita 5 zaidi. Katika ardhi tambarare kama hii, yenye maji karibu na uso wa nchi, mita 5 ni kina kikubwa: shimo hujaa maji kabla fundi hajashuka. Itabidi kijengwe kituo cha pampu. Pampu hutaka umeme, jenereta ya akiba, vipuri na mtu wa zamu usiku. Hapo ndipo gharama ya mwaka hadi mwaka inapoanza, nayo haimo katika mkopo wa ujenzi.

Tena kuna njia ya mkato, na ndiyo inayonitia hofu. Mkandarasi akilikuta bomba njiani bila ramani wala fungu la fedha, atalikata na kulielekeza mtaroni "kwa muda". Ndugu zangu, mimi na ninyi tunajua umri wa mambo ya muda katika nchi yetu.

Hatari ya kuhamisha uchafu badala ya kuuondoa tunayo katika historia yetu wenyewe. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishitaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu kwa sababu ya jalala, wakashinda. Jiji liliomba kuongezewa muda mara kwa mara, na mwishowe taka zikahamishiwa Vingunguti, katika bonde hilihili la Msimbazi. Tabata walipata haki yao; mto haukuwa na wakili.

Waingereza nao walipitia hayo. Mwaka 1858 harufu ya mto Thames iliwasumbua wabunge hata wakatoa fedha. Mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mabomba makubwa kando ya mto, na ukingo mpya wa London ukajengwa ukiwa na bomba ndani yake. Huo ndio utaratibu ninaouzungumzia. Lakini mwisho wa mabomba uliwekwa mashariki ya jiji, majitaka yakamwagwa mtoni bila kusafishwa. Mwaka 1878 meli Princess Alice ilizama karibu na hapo, na watu zaidi ya 600 wakafa katika maji machafu. Ndipo walipoanza kufikiria kuyasafisha.

Kwetu tatizo jingine ni mgawanyo wa kazi. Mradi uko chini ya TARURA, barabara ya Morogoro ni ya TANROADS, mabasi ni ya DART, bomba ni la DAWASA, na taka za soko ni za Jiji. Kila mmoja ana mhandisi wake na ramani yake. Watumishi mlio hapa mnajua barua inavyoweza kuzunguka ofisi tano miezi sita. Nashauri iwepo ramani moja ya chini ya ardhi, yenye kila chemba na kina chake, isainiwe na wote watano kabla ya mkandarasi kupewa eneo. Bomba jipya lijazwe maji na kujaribiwa; kisha lile la zamani lizibwe kwa zege, lisiachwe tupu likadidimiza barabara.

Siku ya kuunganisha nayo ichaguliwe kwa kalenda ya mvua. Masika huanza Machi, vuli Oktoba. Nafasi iliyopo ni Juni hadi Septemba, au Januari na Februari kwa kazi fupi. Siku hiyo vyoo vya mtaa mzima vitafungwa kwa saa kadhaa, huenda usiku kucha. Mwenye duka atafunga duka, lakini shule haifungwi kwa saa mbili. Kwa hiyo ninyi walimu wakuu wa Mchikichini, Gerezani na Kariakoo, andikeni sasa kudai taarifa ya wiki mbili kabla, na vyoo vya muda uwanjani, vya wasichana mbali na vya wavulana.