Gari la Kikundi, Chumvi ya Pwani na Kifaa Kilichojificha

Leo naliweka jembe kando kidogo nizungumze nanyi juu ya gari. Wengine mtasema, bwana shamba na magari wapi na wapi? Lakini ninyi wa Msimbati, Madimba na vijiji vya jirani mnajua kwamba korosho, nazi na muhogo havijipeleki sokoni. Kikundi kinapochanga fedha za misimu kadhaa na kununua pikapu inayovuta kwa magurudumu yote manne, Land Cruiser au Hilux iliyokwisha tumika, mali hiyo ni kubwa kuliko shamba la mtu mmoja. Ikioza, kikundi nacho huvunjika.

Basi tuanze na chumvi. Wako madereva ambao, wakienda Ruvula, huukwepa mchanga mlaini na kupita ufukweni maji yakipwa. (Wapitao huko wasipande juu ya alama ya maji kujaa, maana ndiko kasa wanakotaga, na eneo hilo ni Hifadhi ya Bahari tangu mwaka 2000.) Maji ya bahari yakirukia chini ya gari, maji hukauka lakini chumvi hubaki. Nayo chumvi hunyonya unyevu hewani. Mnaiona chumvi ya jikoni inavyolowa wakati wa masika. Kwa hiyo gari lililolala bila kuguswa huendelea kuliwa na kutu usiku kucha.

Watu wengi huosha bodi mpaka ikang'aa, wakalisahau tumbo la gari. Anzeni chini: chasisi, springi, ndani ya mabawa ya magurudumu. Fanyeni hivyo siku ile ile gari lilipopita ufukweni, msingoje Jumapili. Maji yawe baridi, yasiyo na chumvi. Kisima kilicho karibu na bahari kionjeni kwanza. Kama maji yake yana chumvi, tumieni maji ya mvua au ya bomba. Kisha zibueni kwa kijiti vile vitundu vilivyo chini ya milango, maana mchanga ukiviziba, maji hukaa ndani na mlango huoza bila ninyi kuona.

Halafu iko salfa. Kuanzia Juni, mikorosho inapochanua, tunawahimiza mpulizie salfa kuzuia ubwiriunga, na mifuko yake hubebwa katika pikapu hiyo hiyo. Vumbi lake likilowa hula bati. Tandikeni turubai kabla ya kupakia. Mkimaliza, lifagieni vumbi likiwa kavu, pua zimefunikwa, ndipo muoshe kwa maji mengi.

Rangi ndiyo ngozi ya gari. Tawi la mkorosho likiikwaruza hadi bati likaonekana, pigeni msasa, pakeni rangi ya awali na kisha rangi yenyewe, kabla kutu haijatambaa pembeni. Nta ya gari inasaidia sana, lakini sabuni ya unga ya kufulia huiondoa upesi. Mjini mtauziwa plastiki ya kubandika juu ya rangi. Kwa gari la kazi mimi sioni faida yake. Mchanga huingia kingoni na kuibandua. Wala msipake oili chafu chini ya gari kama wafanyavyo wengine. Huharibu mipira, na ikidondoka huchafua udongo na kisima.

Sasa jambo la pili, ambalo halizungumzwi sana. Gari ni la nani? Msiridhike na hati ya mauziano peke yake. Linganisheni namba ya chasisi na ile iliyo kwenye kadi, halafu mhamishe umiliki TRA. Kikundi kilichosajiliwa kiandikwe chenyewe katika kadi. Kadi ikiwa na jina la mwenyekiti, naye akafariki, mtaanza kugombana na warithi wake, na sheria itaanza kwa kutazama kadi.

Tena ulizeni kama kuna kifaa cha kufuatilia gari, kile wanachokiita GPS. Ni kidogo kama kiberiti, hufichwa nyuma ya dashibodi, kina laini ya simu na huvuta umeme wa betri. Mwenye gari wa zamani asipokitoa, anaweza kujua gari lenu linalala wapi, na lini limetoka kwenda ghalani na korosho. Fundi umeme akitafute. Mkikitaka ninyi wenyewe kwa ajili ya wezi, wekeni laini yenu na mbadili namba ya siri, kwa kuwa vingi hutoka kiwandani na 123456, na hiyo kila mwizi anaijua. Kubalianeni katika mkutano ni nani atakayetazama nyendo za gari. Dereva naye aambiwe waziwazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na nyendo za mtu ni taarifa zake.

Hata redio ya gari ya siku hizi, ukiiunganisha na simu, inaweza kunakili majina na namba zako zote. Siku mtakapoliuza gari, zifuteni. Na ile laini iliyomo kwenye kifaa itoeni mbaki nayo, maana imesajiliwa kwa alama za vidole vya mmoja wenu.