Daraja Lionekanalo Kwenda



Tukisimama juu ya daraja la gogo wakati wa masika, tukayakazia macho maji yaendayo kasi, punde twaona maji yametulia, nasi pamoja na daraja twakwenda kinyume cha mkondo. Ernst Mach, mtaalamu wa Austria aliyechapisha kitabu juu ya hisia za mwendo mwaka 1875, naye alilieleza jambo hili la daraja. Si uchawi. Akili imezoea kuwa nchi haiendi. Basi vitu vyote vilivyo mbele ya macho vikipita pamoja, hudhani ni sisi tuendao. Ndani ya sikio mna viungo vidogo vya kupimia mwendo, lakini hivyo huutambua ukianza au ukibadilika tu. Ukiwa sawasawa hunyamaza, visiweze kuyakanusha macho. Ndipo mwili huegemea upande wa mkondo ili kuzuia mwendo usiokuwako, na mtu huanguka majini. Twawaomba walimu wawafundishe watoto wavukao mto kwenda shule: macho wayaelekeze ng'ambo, penye mti au jiwe, wala wasiyatazame maji.