Orodha ya Divai Isomwe Kama Hati ya Mizigo
(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi)



Mlitutuma sisi watatu tuwe kamati ya kumuaga mzee wetu wa hati za mizigo, aliyestaafu na kurudi kwao Katilu. Mlitupa fedha za mfuko, na leo twaleta hesabu. Hesabu hii ina kasoro, nasi hatutaificha.

Mzee alikuwa na ombi moja tu. Miaka mingi alihesabu makasha ya divai yaliyotoka bandarini Mombasa, wala hakuonja hata tone. Skulini kwa misheni, divai tuliiona mikononi mwa padre tu. Basi alitaka anywe gilasi moja mezani pamoja na wenzake, kabla hajashika jembe kando ya Mto Turkwel. Tulimkaribisha Lodwar, katika hoteli moja ndogo iletayo chakula kwa visahani vidogo vidogo vinavyowekwa katikati, kila mtu akamega apendacho.

Tulikuwa watu 14. Orodha ilibandikwa ukutani: divai nyekundu, gilasi Sh. 500, divai nyeupe, gilasi Sh. 500, chupa, ya rangi yo yote, Sh. 2,000. Basi, hakuna zaidi. Tukaagiza gilasi 14, tukalipa Sh. 7,000. Wakati wa kuondoka tuliona chupa mbili tupu. Gilasi zetu zote zilitoka humo! Kama tungaliagiza chupa hizo mbili, tungalilipa Sh. 4,000. Sh. 3,000 zenu zimepotea, wala hakuna aliyetudanganya, maana bei zote zilikuwa ukutani.

Mzee alitutazama, akauliza: "Vijana wangu, mngalitia sahihi hati ya mizigo isiyoandikwa uzito?" Neno hilo lilituchoma. Kwa hiyo tumeona tuwaeleze jinsi ya kupima orodha ya namna hii, ili wengine wasianguke tulipoanguka.

Kwanza, kipimo. Chupa ya kawaida ni mililita 750. Gilasi ya mililita 150 hutoka mara tano. Gilasi zetu zilikuwa kama mililita 107 tu. Orodha isiyosema kipimo haijasema bei. Uliza, kisha piga hesabu kabla ya kuagiza.

Pili, imetoka wapi? "Divai nyekundu" si jina, kama vile "mzigo" si jina la mzigo. Divai nyingi huja kutoka Afrika Kusini, lakini zabibu za divai hulimwa pia Naivasha, katika Bonde letu la Ufa. Dodoma, mji wa reli ya kati huko Tanzania, huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Orodha nzuri hutaja nchi, mtengenezaji na aina ya zabibu. Omba chupa iletwe mezani, usome karatasi yake.

Tatu, imewekwa wapi? Lodwar jua ni kali, na joto huiharibu divai. Chupa zile zilisimama rafuni, karibu na dirisha, chini ya bati. Divai iliyopikwa na joto hupoteza harufu ya matunda mabichi, ikanuka kama matunda yaliyochemshwa. Tena chupa ikifunguliwa, hewa huanza kuiharibu. Baada ya siku chache huelekea siki. Uliza imefunguliwa lini. Wala si aibu kuomba hata ile nyekundu ipozwe kidogo.

Nne, yafaa kwa chakula gani? Hapa ndipo visahani vina mambo yake. Samaki wa Ziwa Turkana aliyekaangwa na kukamuliwa limau apenda divai nyeupe ya baridi. Nyama ya mbuzi ya kuchoma yavumilia nyekundu. Pilipili huwaka zaidi pamoja na divai kali. Hapo yafaa yenye utamu kidogo. Vitu hivi vyote huwa mezani kwa wakati mmoja, kwa hiyo orodha fupi yenye aina tatu zilizochaguliwa vyema yapita orodha ndefu ya nyekundu tupu. Orodha ile ilikuwa fupi, hilo si kosa. Kosa lake ni kuwa bubu.

Tano, asiyekunywa je? Wenzetu wengi hawanywi, nao ni wanachama sawa na sisi. Chai, soda na maji ya matunda viandikwe kwa bei wazi, si kuulizwa kwa kunong'ona.

Ndugu, mkataba wa kazi twausoma neno kwa neno, maana twajua kwamba pasipoandikwa kitu, mnyonge ndiye alipaye. Basi tusiache macho yetu kazini tuendapo karamuni. Sisi watatu tumekata shauri kurudisha Sh. 3,000 mfukoni, kila mmoja Sh. 1,000, mwisho wa mwezi huu. Mweka hazina aandike.

Asubuhi yake tulimsindikiza mzee mpaka Katilu. Njiani tulimwuliza divai ilikuwaje. Akasema, "Nyeupe, pamoja na samaki, nzuri. Ile nyekundu imechelewa sana stesheni."

Umoja ni nguvu.